Urais Hauna Zamu

Kama kuna neno ambalo limenichosha masikio mwaka huu, ni neno zamu. Nenda stejini pale Kitui mjini, nenda soko la Kalundu, vuka Mto Athi mpaka Wote au Emali, popote wazee walipoketi na vikombe vyao vya chai utasikia hesabu ile ile: hawa walishika, wale wakashika, hawa wakarudia, wale nao wakarudia, sasa imebaki zamu yetu. Makanga wanasema hivyo. Akina mama wanaouza mboga wanasema hivyo. Hata sisi wa kidato cha tatu, ambao hatujapata vitambulisho, tunasema hivyo wakati wa mapumziko kana kwamba urais ni foleni ya githeri.

Mimi napinga. Najua kwamba kupinga jambo hili hapa Ukambani ni kama kutafuta kupigwa mawe, lakini chama chetu cha Kiswahili kimetufundisha kwamba hoja hujibiwa kwa hoja. Nitasema yangu, na atakayetaka kunijibu ana jarida la mwaka ujao.

Kwanza niwatendee haki hao wanaosema zamu, maana hawasemi upuuzi mtupu. Tangu Kenya iwe jamhuri mwaka 1964 tumekuwa na marais watano: Mzee Jomo Kenyatta, Daniel arap Moi, Mwai Kibaki, Uhuru Kenyatta na William Ruto. Makabila yetu yanazidi 40, na hao wote watano wametoka katika jamii mbili tu. Mtu wa Mutomo au wa Kibwezi akiitazama orodha hiyo, kisha autazame mtungi wake wa maji wa lita 20 ambao ameununua kwa pesa, ana haki ya kuuliza kulikoni. Mama Charity Ngilu wa hapa Kitui aliwania urais mwaka 1997, yeye na Profesa Wangari Maathai wakiwa wanawake wa kwanza kufanya hivyo nchini. Mheshimiwa Kalonzo Musyoka wa Mwingi aliwania mwaka 2007 akawa wa tatu, kisha akawa Makamu wa Rais kuanzia Januari 2008 hadi 2013. Tumefika mpaka sebuleni, chumba cha ndani hatujakiona. Uchungu huo naujua, hata nyumbani kwetu upo.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Zamu tunaijua sote. Ukutani mwa darasa letu kuna orodha ya zamu ya kufagia, na kila juma kuna mwalimu wa zamu. Orodha hiyo inafanya kazi kwa sababu kila mtu anaiona, kuna mwalimu wa kukufuata ukikwepa, na zaidi ya yote, ufagio wenyewe hakuna anayeutaka. Sijawahi kumwona mwanafunzi akibadilisha sheria za shule ili afagie muhula wa tatu! Urais sivyo. Urais kila mtu anautaka, orodha yake haijaandikwa popote, na ukikwepa kumpa mwenzako hakuna mwalimu wa zamu. Ndiyo maana nchi haiongozwi kwa zamu. Inaongozwa kwa sheria inayosema kiti kikibaki wazi nani ataingia, kwa mlango upi, kwa siku ngapi.

Mwaka 1978 ni mfano mzuri. Mzee Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1968 yalikuwa yamekwisha kusema kwamba Rais akifa, makamu wake atashika usukani kwa siku 90 huku uchaguzi ukitayarishwa. Moi akaapishwa siku ile ile, na tarehe 14 Oktoba akawa Rais kamili hata kabla ya siku hizo 90 kwisha.

Tukisoma mistari hiyo miwili tunadhani mambo yalikuwa rahisi. La hasha! Miaka miwili kabla yake, Septemba 1976, wakubwa fulani walianza mikutano huko Nakuru wakitaka kifungu hicho kibadilishwe ili makamu asishike hata siku moja. Ukiyavua maneno yao koti la kisheria, hoja yao ilikuwa hii hii tunayoisikia Kalundu: kiti kisitoke nyumbani. Mwezi uliofuata Mkuu wa Sheria, Charles Njonjo, alitoa onyo kwamba kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mikutano ikazimika.

Babu yangu wakati huo alikuwa na kibanda cha chai Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Huniambia kwamba baada ya onyo lile hakuna mteja aliyethubutu kutamka kwamba Mzee naye ni binadamu. Walisema tu "ile siku". Ile siku itakuwaje? Ile siku ikifika nani atashika? Nilimwuliza, "Sasa babu, mlikuwa mkiogopa kufa kwake au kutaja kufa kwake?" Akacheka, akasema vyote viwili. Mimi naona hapo kuna funzo la historia kuliko kurasa kumi za daftari langu. Watu wazima, walipa kodi, walikuwa hawajui kesho yao kwa sababu kuuliza kulikuwa hatari. Waliokolewa na kifungu kimoja ambacho wengi wao hawakuwahi kukisoma.

Hata hivyo nisije nikaisifu karatasi kupita kiasi, maana karatasi hukunjwa. Mwaka 1975 Paul Ngei, shujaa wetu aliyefungwa pamoja na Kenyatta Kapenguria, alipatikana na kosa la uchaguzi, na sheria ikamzuia kugombea kwa miaka 5. Desemba mwaka huo Bunge likabadilisha Katiba upesi upesi ili Rais awe na uwezo wa kumsamehe mtu mwenye kosa la namna hiyo. Akasamehewa, akarudi bungeni. Wazee wa kwetu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, ati Mzee alimpenda mtu wetu. Mimi sicheki. Katiba iliyokunjwa kwa ajili ya mtu wetu ilikunjwa tena Juni 1982, safari hii kutufungia sote ndani ya chama kimoja cha KANU, na ilingoja mpaka Desemba 1991 kukunjuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo hupitwa mbio sana. Baada ya uchaguzi wa 1997, Rais Moi hakuteua makamu. Tangu Januari 1998 mpaka Aprili 1999, aliporudishwa Profesa George Saitoti, Kenya ilikaa bila Makamu wa Rais. Zaidi ya mwaka mzima! Ngazi ilikuwa haina kidato cha pili. Nasi tulio shuleni tunajua vizuri kwamba hakuna anayetoka cha kwanza akaruka mpaka cha tatu. Mungu alitulinda tu.

Siku ninayoipenda mimi katika historia yetu ni tarehe 30 Desemba 2002. Nilikuwa sijazaliwa, lakini picha zake nimezitazama mara nyingi. Moi alikuwa amemchagua mrithi, Uhuru Kenyatta, na KANU ikamwidhinisha kule Kasarani tarehe 14 Oktoba. Siku hiyo hiyo katika bustani ya Uhuru Park Raila Odinga akasema maneno mawili, "Kibaki tosha", na upinzani ukawa kitu kimoja. Kalonzo wetu alikuwa miongoni mwa waliokuwa wameihama KANU. Wananchi wakapiga kura, wakamkataa mrithi aliyeteuliwa. Basi siku ya kuapishwa Kibaki aliletwa kwa kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali aliyoipata wakati wa kampeni, umati ukamzomea Moi, na Moi, ambaye alikuwa ametawala miaka 24, akavumilia, akakabidhi, akaenda zake Kabarak. Hakuna aliyeuliza ni zamu ya nani. Mkamba, Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu, Mpwani, wote walikuwa wamemchagua mtu mmoja.

Jameni, miaka 5 tu baadaye tukaharibu. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo yalitangazwa jioni, na kabla giza halijaingia sawasawa Kibaki akaapishwa ndani ya Ikulu. Waliouawa katika fujo zilizofuata walizidi 1,100, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Sitaki kurudia nani aliiba na nani aliibiwa. Wakubwa wenyewe hawajakubaliana mpaka leo. Mimi naangalia ile saa. Kiapo cha jioni, ndani ya ukuta, mbele ya wachache, kilimfanya hata mtu asiye na upande ashuku.

Mkamba hafundishwi uzito wa kiapo. Aliyewahi kusikia wazee wakizungumza habari za kithitu anajua kwamba anayeapa huapa mbele ya watu, na kijiji kizima huwa shahidi. Nafikiri waliotunga sheria mpya walikuwa na fikira kama hizo. Katiba ya 2010 inataka Rais aapishwe hadharani, mbele ya Jaji Mkuu au naibu wake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2012 ikaongeza mpaka saa: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwenzangu mmoja alidhani namtania nilipomwambia hivyo. Sheria nzima inataja saa kama ratiba ya masomo? Ndiyo, na inajulikana kwa nini. Tarehe 13 Septemba 2022 tuliona Kasarani Rais anayeondoka, Uhuru Kenyatta, akimkabidhi Ruto upanga na nakala ya Katiba. Walikuwa wamekosana vibaya na kila mtu alijua. Hata hivyo upanga ulitoka mkono huu ukaingia mkono ule mchana kweupe.

Sasa msomaji atasema, haya ni ya kwetu tu, wengine wana njia zao. Basi tuvuke bahari mpaka Haiti, katika visiwa vya Karibiani, ambako tarehe 25 Juni 2024 kundi la kwanza la polisi wetu lilitua. Wengi tuliuliza, wanatafuta nini huko? Jibu moja ni kwamba walienda mahali ambapo ngazi ilivunjika vidato vyote.

Haiti ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1804, miaka 159 kabla yetu. Lakini mwaka 1964 Rais wake, François Duvalier, alijifanya Rais wa maisha, na alipokufa Aprili 1971 kiti kikaenda kwa mwanawe Jean-Claude, kijana wa miaka 19. Miaka mitatu tu zaidi yangu! Alitawala mpaka alipofukuzwa Februari 1986. Kisha njoo karibu. Tarehe 7 Julai 2021 Rais Jovenel Moïse aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Nani ashike? Mkuu wa mahakama ya juu alikuwa amefariki kwa korona majuma machache kabla. Waziri Mkuu aliyekuwa ofisini alikuwa amekwisha kuandikiwa mrithi, Ariel Henry, lakini Henry alikuwa hajaapishwa. Maseneta waliobaki walikuwa 10 tu, wakamtaja mkuu wao. Kwa hiyo watu watatu walidai kiti kimoja. Henry akakipata, bila kupigiwa kura na mwananchi hata mmoja. Januari 2023 wale maseneta 10 nao muda wao ukaisha, nchi ikabaki bila kiongozi yeyote wa taifa aliyechaguliwa.

Mwisho wa Henry tuliuona sisi wenyewe. Alikuja Nairobi, tarehe 1 Machi 2024 mkataba wa polisi ukatiwa sahihi, na alipotaka kurudi kwao hakuweza, kwa sababu magenge yalikuwa yameshambulia na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi uo huo akatangaza kwamba atajiuzulu, na Aprili akaacha kiti kabisa. Kiongozi wa nchi aliondoka kwake kwa ndege akakosa pa kutua! Hapo ungemwuliza Mhaiti habari za zamu sijui angekujibu nini.

Linganisha na jirani zetu Watanzania mwaka huo huo wa 2021. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi, na tarehe 19 Machi makamu wake, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa. Mwanamke, tena Mzanzibari. Katika hesabu ya zamu nani angemtaja? Katiba yao ilimtaja, basi.

Turudi nyumbani, maana najua jibu ninalongojewa nalo: "Wewe kijana, unatuambia tungoje milele?" Sijasema hivyo. Nasema zamu ni njaa isiyoshiba. Ushahidi uko hapa hapa Kitui. Katika kaunti yetu karibu sote ni Wakamba, kwa hivyo ungedhani neno zamu lingekufa. Limekufa? Sasa linasema ni zamu ya Mwingi, au ni zamu ya kusini, au ukoo fulani umekula vya kutosha. Siku Mkamba atakapoingia Ikulu, na ninaomba nimwone akiingia kwa kura za Wakenya wa kila upande, tutaanza kuulizana kama ni wa Machakos, wa Makueni au wa Kitui.

Na bado wananchi wetu, wanapoachwa na debe la kura, wanafanya vizuri kuliko maneno yao. Mwaka 2013 Kitui ilimchagua Dkt. Julius Malombe kuwa gavana wa kwanza. Mwaka 2017 ikamwondoa, ikamchagua Mama Ngilu, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Mwaka 2022 Ngilu alijiondoa kabla ya kura na wananchi wakamrudisha yule yule Malombe waliyemwondoa. Soko la Kalundu halikuchomwa. Ng'ambo ya Athi, Makueni walipitia magumu zaidi. Mwaka 2014 gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi walikosana mpaka risasi zikalia pale Wote. Tume ikaundwa, ikapendekeza kaunti ivunjwe, na mwaka 2015 Rais akakataa. Kibwana akachaguliwa tena 2017, akamaliza mihula yake miwili, na 2022 Mutula Kilonzo Junior akaingia. Huyu Mutula alikuwa amepata useneta katika uchaguzi mdogo wa 2013 baada ya baba yake, marehemu Mutula Kilonzo, kufariki. Alikuwa mwana wa marehemu, lakini ilibidi Makueni iulizwe kwanza. Duvalier mdogo hakuuliza mtu.

Swali ambalo ningependa lichukue nafasi ya zamu ni lingine kabisa: kiti kikibadilika, kazi inarithiwa? Ngilu alianzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC hapa Kitui. Kibwana alianzisha kiwanda cha kusindika maembe kule Kalamba. Hivyo ni vitu vya wananchi. Gavana mpya anapoingia anakabidhiwa vitabu, madeni, funguo na mashine, au anakabidhiwa kiti tu? Sijamsikia mzee hata mmoja stejini akiuliza hilo, ingawa ndilo linalomlipa mwenye maembe.

Nimalizie na Oktoba 2024, kwa sababu wakati ule hata bwenini kwa jirani zetu redio hazikuzimwa, wala sisi wa kutwa hatukuwahi nyumbani mapema. Tarehe 17 Oktoba Seneti ilimwondoa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Profesa Kithure Kindiki hakuapishwa mpaka tarehe 1 Novemba, kwa sababu kesi zilikuwa mahakamani. Katika siku hizo 15 niliwauliza watu wazima saba: Rais akipatwa na jambo leo, nani anashika? Watano walisema Jaji Mkuu. Mmoja alisema jeshi! Mmoja, mwalimu wetu mstaafu, ndiye aliyejua. Kifungu cha 146 cha Katiba kinasema kiti cha Rais kikiwa wazi naibu wake hushika kwa muda wote uliobaki wa muhula. Kama hakuna naibu, Spika wa Bunge la Taifa hukaimu na uchaguzi hufanywa ndani ya siku 60. Kwa magavana kuna kifungu cha 182, na mpango wake unafanana na huo.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wetu na kwa mlezi wa chama. Katiba yetu imetafsiriwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kifungu chake cha 7 kinaiita lugha ya taifa. Katika maktaba yetu sijaipata nakala hata moja. Tununuliwe mbili. Wenzangu wengi wataingia katika orodha ya wapiga kura kabla ya Agosti 2027, na wengine wetu tutakuwa tumeshika kitambulisho majuma machache tu. Pili, naomba ruhusa ya kubandika vifungu hivyo viwili kwenye ukuta wa kidato cha tatu, kando ya orodha ya zamu ya kufagia. Karatasi ya manila na gundi ninavyo.